Kinyago na Mchongaji Wake: Sura ya Mtu Mweusi katika Filamu za Katuni

Wahenga walisema kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Maana ya methali hii ni wazi kwa mchongaji. Yeye ajua gogo lilikotoka, akumbuka kila pigo la tezo, wala hawezi kukiogopa kitu ambacho jana kilikuwa kuni. Lakini methali haikusema neno juu ya mtu wa pili, yaani yule ambaye kinyago kimechongwa kwa mfano wake bila ya yeye kuulizwa. Mtu huyo hakuliona gogo wala tezo. Aliletewa sura iliyokwisha kamilika, akaambiwa: huyu ndiwe. Mtu mweusi katika filamu za katuni, tangu mwanzo wa karne ya 20, amekuwa mtu huyo wa pili kwa muda mrefu. Na namna alivyofika, polepole na kwa taabu, kuishika tezo kwa mkono wake mwenyewe ni jambo lifaalo kuchunguzwa na kila asomaye historia ya sanaa.

Yafaa kwanza ieleweke tofauti iliyopo baina ya picha ya kamera na picha ya kuchorwa. Kamera humnasa mtu pamoja na mambo ambayo mpiga picha hakuyakusudia: kovu la utotoni, kifungo kilichokatika, huzuni iliyopita machoni kwa nukta moja. Katuni haina bahati hiyo. Ndani yake hamna unywele mmoja ambao haukuamuliwa na mtu. Filamu ya dakika 7 huwa na fremu zaidi ya 10,000, na ingawa mara nyingi mchoro mmoja hutumika kwa fremu mbili, bado ni maelfu ya michoro. Mdomo uliochorwa mara elfu tano hauwezi kuitwa ajali ya kalamu. Ni uamuzi uliorudiwa mara elfu tano. Tena, kwa kuwa kazi ni nyingi na mshahara wa wachoraji huhesabiwa, msanifu wa mhusika hutafuta umbo lenye mistari michache, ambalo mikono mingi yaweza kulirudia bila ya kukosea. Haja hiyo humvuta kuelekea sura iliyo tayari, ambayo watazamaji wanaijua kabla taa za ukumbi hazijazimwa.

Huko Marekani sura iliyo tayari ilikuwapo, nayo ilitoka jukwaani. Mnamo miaka ya 1830 mwigizaji mzungu aitwaye Thomas Dartmouth Rice alijipatia sifa kubwa kwa kujipaka weusi usoni na kucheza ngoma aliyodai ni ya mtumwa. Jina la mchezo wake, Jim Crow, baadaye likawa jina la sheria zilizowatenga watu weusi katika majimbo ya kusini. Mwaka 1843 kundi la Virginia Minstrels lilionyesha mchezo mzima wa namna hiyo mjini New York, na kwa miongo mingi iliyofuata michezo ya wapaka masizi ilikuwa miongoni mwa burudani zilizopendwa kupita nyingine zote katika nchi ile. Waigizaji walichoma vizibo vya chupa, wakayasaga majivu yake na kujipaka; mdomo wakauzungushia rangi nyeupe au nyekundu ili uonekane mkubwa kwa mtu aliyekaa viti vya nyuma; mikononi wakavaa glovu nyeupe. Kwa hiyo sura ile haikuwa ya mtu mweusi yeyote aliyepata kuishi. Ilikuwa ni kinyago cha mzungu, kilichotengenezwa kwa mahitaji ya taa na umbali wa jukwaa, kisha kikapewa jina la mtu mwingine.

Filamu za katuni zilipozaliwa zilikikuta kinyago hicho mlangoni. Mwaka 1907 J. Stuart Blackton, mmoja wa waasisi wa sanaa hii, alionyesha filamu ya michoro ambayo ndani yake aliandika neno la kuwatukana watu weusi, kisha akazigeuza herufi za tusi lile kuwa uso. Na jina la Kiyahudi akalifanya vivyo hivyo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu: neno la dharau lilitangulia, na uso ukazaliwa kutokana nalo. Miaka minne baadaye, mwaka 1911, Winsor McCay, fundi ambaye ustadi wake wa kuchora haujapungua thamani hata leo, alimtia katika filamu yake ya Little Nemo kijana wa msituni mwenye midomo minene na vazi la majani. McCay aliweza kuchora farasi, joka na majumba kwa uangalifu wa kustaajabisha. Alipofika kwa mtu mweusi aliazima kinyago.

Mwaka 1928 ulileta sauti, na sauti ilileta umaarufu. Mickey Mouse alitokea katika filamu ya Steamboat Willie mwezi wa Novemba mwaka ule, na mwaka uliofuata akavikwa glovu nyeupe. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kifundi: mikono myeusi haikuonekana ilipopita mbele ya mwili mweusi. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi, kwa maana ziko njia nyingi za kuutenga mkono na mwili. Iliyochaguliwa ilikuwa ile ambayo watazamaji walikwisha izoea jukwaani. Nicholas Sammond, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2015, alionyesha kwa urefu kuwa wahusika wengi wa katuni za zama zile, hata walio wanyama, walirithi glovu, macho, mdomo na mwendo wa wapaka masizi. Na panya yule mwenyewe, mwaka 1933, katika filamu iitwayo Mickey's Mellerdrammer, alijipaka weusi usoni ili aigize mchezo wa utumwa.

Mwenzake Bosko alikuwa karibu zaidi na asili hiyo. Hugh Harman alimsajili mwaka 1928 kuwa mtoto mweusi, na pamoja na Rudolf Ising akamtengenezea filamu ya majaribio mwaka 1929, ambamo alisemeshwa kwa lafudhi ya jukwaa la wapaka masizi. Mwaka 1930 Bosko aliifungua njia ya katuni za Warner Bros. Watazamaji wengi hawakujua hata kidogo kama kiumbe yule ni mtoto au ni mnyama. Mashaka hayo yenyewe ni ushahidi. Kinyago kilikuwa kimetumika mno hata kikapoteza jina lake, na mtu aliyedhaniwa kuwa nyuma yake akawa hatambulikani tena kuwa mtu.

Watetezi wa katuni zile wamekuwa na hoja, na haki yataka isikilizwe. Wasema kuwa kutia chumvi ndiyo sheria ya katuni. Mzungu naye huchorwa na pua kama karoti na tumbo kama pipa, wala hakuna alalamikaye. Hoja hii ina nguvu mpaka pale mtu anapozihesabu sura. Wazungu katika filamu zile walikuwa wembamba na wanene, werevu na wapumbavu, wazuri na wabaya. Kila mmoja alitiwa chumvi kwa namna yake. Weusi walipewa mdomo mmoja. Chumvi itiwayo kwa mtu mmoja humtofautisha na wenziwe, nayo ndiyo raha ya mchezo. Chumvi ile ile ikitiwa kwa watu wote wa taifa moja, kwa kipimo kimoja, huwafuta wote wakabaki alama.

Madhara ya alama za namna hiyo hayakuwa ya kukisiwa tu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 wanasaikolojia wawili weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwapa watoto midoli iliyofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza upi ni mzuri na upi ni mbaya. Watoto weusi wengi walichagua mdoli mweupe kuwa ndio mzuri. Uchunguzi huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyoharamisha utengano katika shule. Watoto wale hawakufundishwa hayo na katuni peke yake, lakini katuni ilikuwa katika ukumbi wa sinema kila juma, na ilikuwa inawachekesha.

Wenye kuchorwa hawakunyamaza. Chama cha NAACP, kilichoundwa mwaka 1909 kutetea haki za watu weusi, kilitaka filamu ya Coal Black and de Sebben Dwarfs ya Warner Bros. ya mwaka 1943 iondolewe, ingawa baadhi ya waliotoa sauti ndani yake walikuwa waigizaji weusi. Mwaka 1948 kilipinga kuonyeshwa upya kwa filamu ya Walter Lantz ya mwaka 1941, ambayo ilionyesha mji mzima wa weusi wavivu waliosinzia mpaka walipoamshwa na muziki. Mwaka uliofuata filamu hiyo ikaondolewa. George Pal, aliyelaumiwa kwa ajili ya mhusika wake Jasper, alijibu kwa tendo: mwaka 1946 alitoa filamu ya sanamu juu ya John Henry, shujaa mweusi wa hadithi za wajenzi wa reli, akampa umbo la heshima. Jibu la Pal halikuigwa na wengi. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists ilizizuia katuni 11 za Warner zisionyeshwe tena katika televisheni, na mwaka 1969 Disney ilipoitoa upya filamu yake ya Fantasia ya mwaka 1940 iliyakata mapande yenye Sunflower, mtumishi mweusi aliye nusu mtu nusu punda, ambaye kazi yake ilikuwa kung'arisha kwato za wenziwe weupe.

Hapa pana funzo ambalo mara nyingi husahauliwa. Makasi yaliondoa kinyago, lakini makasi hayachori. Mahali pa mtumishi aliyekatwa hapakuletwa bibi mweusi mwenye kwato zake mwenyewe. Paliachwa patupu. Studio kubwa ziliogopa lawama, zikaona kuwa njia salama ni kutomchora mtu mweusi kabisa. Na mtoto aliyekuwa akijiona katika kioo kilichopinda sasa alikosa kioo.

Mabadiliko ya pili yalianzia kwenye meza ya kuchorea. Mwaka 1956 kijana aitwaye Floyd Norman aliajiriwa na Disney, akawa mchoraji wa kwanza mweusi kufanya kazi ya kudumu katika studio ile. Katika miaka ya 1960, pamoja na rafiki yake Leo Sullivan na wenzao wengine, aliunda kampuni ya Vignette Films, wakatengeneza filamu za historia ya watu weusi kwa ajili ya shule. Kampuni ilikuwa ndogo na fedha zake chache. Lakini kwa mara ya kwanza aliyechorwa na aliyechora walikaa upande mmoja wa meza, na swali la zamani, sura hii itawachekesha watu, likatanguliwa na swali jipya: sura hii ni ya nani?

Swali hilo liliifikia pwani ya Afrika Mashariki kwa mlango usiotazamiwa, mlango wa lugha. Mwezi wa Juni mwaka 1994 Disney ilitoa The Lion King. Wasanii wake walikuwa wameitembelea Kenya kabla ya kuchora, na mbuga zao zina mapambazuko ambayo mtu wa Naivasha hawezi kuyakana. Majina mengi ni ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa. Wimbo wa kufungulia huanza kwa Kizulu, na waimbao wanasikika kama watu waliosimama juani. Hata hivyo katika nchi ile yote, tangu mwanzo hata mwisho, hamna mtu mmoja. Wanyama si kosa. Waswahili wamewasemesha sungura na fisi tangu zamani, na katika ngano zao mnyama ni mtu aliyevaa ngozi ili aseme asichothubutu kukisema akiwa na kanzu. Lakini ngano zile zilisimuliwa na watu, kwa watu, mahali ambapo watu wanaonekana. Filamu hii ilikwenda kwa mataifa ambayo watoto wao walikuwa na picha chache mno za Afrika, na picha waliyopewa ilikuwa ya nchi nzuri isiyo na wenyewe.

Jina moja katika filamu ile lataka kutazamwa peke yake. Fisi jike aongozaye wenziwe, wakaao katika bonde la giza na mifupa, anaitwa Shenzi. Neno hili lina historia ndefu na chungu. Watu wa pwani walilitumia kuwaita watu wa bara waliowadhania kuwa hawana ustaarabu. Walowezi wakalichukua kutoka pwani, wakalitia katika Kiingereza chao na kulitupa juu ya kila Mwafrika, wa pwani na wa bara pamoja, bila ya kuchagua. Kwa hiyo tusi lililobuniwa nyumbani lilimrudia mwenye nyumba. Mwaka 1994 likasafiri tena, likawa jina la mnyama, na mamilioni ya watoto wakalitamka wasijue wanatamka nini. Blackton alikuwa ameligeuza tusi kuwa uso. Miaka 87 baadaye tusi jingine lilipewa uso, safari hii katika lugha ambayo wengi wa wachoraji hawakuisema. Maneno mawili mengine ya Kiswahili, hakuna matata, yaliombewa alama ya biashara na Disney mwaka ule ule na kusajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya nguo. Mwaka 2018 zaidi ya watu 100,000 walitia sahihi zao kuupinga usajili huo. Sheria ya alama za biashara haimzuii mtu kusema, na baadhi ya waliotia sahihi huenda walidhani kuwa yazuia. Lakini uchungu wao ulikuwa na mzizi wa kweli. Sura imechukuliwa, mandhari imechukuliwa, sasa neno nalo lina mwenyewe mwingine.

Hata pale studio hiyo hiyo ilipoamua kumchora binti mweusi kuwa bibi arusi wa mwana wa mfalme, mkono ulisita. Filamu ya The Princess and the Frog ilitoka mwaka 2009. Katika mipango ya awali binti aliitwa Maddy, na kazi yake ilikuwa utumishi wa ndani; malalamiko yakaja, akawa Tiana, mhudumu wa mkahawa mwenye nia ya kufungua mkahawa wake mwenyewe. Usanifu wake ni wa heshima na uzuri. Lakini sehemu kubwa ya filamu yeye ni chura. Watu walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 70 tangu Snow White ya mwaka 1937, na walipomwona binti wao walimwona kwa muda mfupi tu kabla hajageuzwa mnyama.

Afrika yenyewe ilikuwa imeanza kuchora mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza Bon voyage, Sim, filamu ya rais wa vyura aendaye safari na kurudi akakuta kiti chake kimechukuliwa. Chura yule ni ndugu wa sungura na fisi wa ngano: kila raia wa nchi changa za wakati ule aliweza kumjua. Mwaka 1998 Mfaransa Michel Ocelot, aliyeishi utotoni mjini Conakry, alitoa Kirikou et la sorcière. Alikataa shauri la kuwavika wanawake nguo za kufunika vifua ambazo katika kijiji cha hadithi yake wasingevaa. Sauti zake alizirekodi Dakar, na muziki akampa Youssou N'Dour. Wanakijiji wake wana nyuso mbalimbali, wana aibu, uchoyo, hekima na woga. Mfano wa Ocelot wathibitisha kuwa ngozi ya mchoraji haitoshi kuhukumu mchoro wake. Alikuwa mgeni, lakini aliwachora watu aliokua kati yao, na mdomo mmoja wa kuwatosha wote haukumjia mkononi.

Afrika Mashariki nayo ikaikalia meza. Mwaka 2010 katuni za Tinga Tinga Tales zilichorwa Nairobi kwa ajili ya televisheni ya Uingereza, zikiiga mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972 baada ya kuonyesha kuwa rangi ya kupakia baiskeli na kipande cha ubao vyaweza kuzaa shule nzima ya uchoraji. Mwaka 2012 Ng'endo Mukii wa Kenya alitoa Yellow Fever, filamu fupi juu ya wanawake waichubuao ngozi yao, na ndani yake mtoto mdogo anatamani kuwa mweupe. Sauti ya mtoto huyo ni ile ile iliyosikiwa na akina Clark. Kinyago kilikuwa kimevuka bahari na kuingia katika kioo cha chumbani. Mwaka 2014 kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam ilianza kurusha Ubongo Kids kwa Kiswahili, na baadaye ikamleta Akili, mtoto wa miaka 4 akaaye chini ya mlima Kilimanjaro. Akili ana nywele za mtoto wa Kitanzania na hujifunza kuhesabu. Hakuna jambo la kishujaa katika hayo, na hapo ndipo ulipo uzito wake: mtoto mweusi katika katuni ameruhusiwa hatimaye kuwa mtoto tu.

Mwezi wa Februari mwaka 2020 filamu fupi ya Marekani iitwayo Hair Love, ya Matthew Cherry, ilipewa tuzo ya Oscar. Hadithi yake ni ya baba mweusi ajifunzaye kumsuka binti yake. Nywele, ambazo wapaka masizi walizifanya kichekesho, hapa zimechorwa uzi kwa uzi kama kazi ya mapenzi. Na jina la binti ni Zuri. Kiswahili kilichomtolea fisi jina la tusi mwaka 1994 kilimtolea mtoto huyu sifa, kwa sababu safari hii aliyelichagua neno alijali maana yake.

Haifai, hata hivyo, kuimaliza historia hii kwa shangwe. Kuishika tezo si sawa na kuitumia kwa haki. Studio za nyumbani nazo zaweza kuwa na mdomo mmoja wa kumchorea mtu wa shamba, lafudhi moja ya kumcheka jirani wa kabila jingine, shuka moja ya kumtambulisha kila Mmasai, na umbo moja la kila mama mkwe. Neno shenzi halikuletwa na meli. Lilitoka katika vinywa vya pwani. Kila achoraye mtu asiye yeye yuko mahali pa Blackton mwaka 1907, na wino uko mbichi kalamuni. Swali limpasalo kabla ya kuugusa ukurasa ni lile la mtu wa pili wa methali: aliyechorwa, akiletewa mchoro huu, atajiona ndani yake?